Luka, sura moja kwa siku: kisomo chetu cha Desemba

Desemba ikikaribia, akina mama tunaosomesha watoto nyumbani huulizana swali lile lile: mtasoma nini Krismasi hii? Nimeshapitia vingi: vitabu vya picha, vya tafakari za kila siku, vya kukata na kubandika. Vingine vizuri sana, lakini wiki haijaisha watoto wamechoka, na mimi pia. Kinachorudi mezani kila mwaka ni Injili ya Luka. Ina sura 24, basi mnaanza tarehe 1, sura moja kwa siku, na mkesha wa Krismasi mnamaliza. Kama Biblia mnayo, hakuna kingine cha kununua.

Niseme mapema jambo linalowasumbua wengi: Yesu anazaliwa tarehe 2, halafu siku zote zilizobaki ni wakoma, watoza ushuru na mifano. Rafiki yangu mmoja aliniambia hiyo si Krismasi tena. Mimi naona utamu uko hapo hapo. Mtoto anayeishia horini kila mwaka hubaki na mtoto mchanga asiyekua. Kwa mpango huu, tarehe 15 anamsikia mwana mpotevu akirudi kwa baba yake, tarehe 19 Zakayo yuko juu ya mkuyu, tarehe 23 ni msalaba, na mkesha wenyewe wale wawili wa Emau wanamtambua Bwana katika kuumega mkate. Asubuhi ya Krismasi tunarudi sura ya 2, mstari wa 1 hadi wa 20, na habari za wachungaji hazisikiki tena kama tulivyozizoea.

Mwaka jana binti yangu wa miaka tisa alinikatiza tarehe 23. "Mama, Yusufu tena?" Alikuwa amesikia jinsi Yusufu wa Arimathaya alivyoushusha mwili, akauzungushia sanda, akauweka kaburini. Naye akamkumbuka mtoto aliyevikwa nguo akalazwa horini, Yusufu mwingine akiwepo. Sijaona swali la kitabu cha mazoezi ambalo lingemfikisha hapo. Nilinyamaza, nikamwacha afunue kurasa za nyuma ahakikishe mwenyewe.

Kasoro zipo. Sura ya 1 ina mistari 80, mingi kuliko sura nyingine yoyote ya Agano Jipya, nayo ndiyo inayoangukia siku ya kwanza! Mimi huigawa: asubuhi tunasoma hadi mstari wa 38, Mariamu anapomjibu malaika, jioni tunamalizia na Elisabeti, wimbo wa Mariamu, na Zakaria anayefunguliwa kinywa. Nasaba ya sura ya 3 huwaletea wadogo usingizi, kwa hiyo nawaambia wapige makofi wakisikia jina wanalolijua: Daudi, Boazi, Nuhu, mpaka Adamu. Sura ya 21, yenye vita na matetemeko, naisoma taratibu bila kuitia chumvi. Na mamajusi hawamo kabisa, maana wako Mathayo 2. Sisi huwangoja hadi Epifania, 6 Januari, na hapo watoto hugundua kwamba Mathayo hakusema popote kuwa walikuwa watatu.

Kuhusu tafsiri, nyimbo za sura ya 1 na ya 2 nazisoma katika Union Version, sibadilishi. "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana" ukisomwa kwa sauti, watoto wanaushika bila kuambiwa wakariri. Kwenye mifano nachukua Habari Njema, ambayo mdogo anaifuata bila kunisimamisha kila mara.

Nyongeza moja siiachi. Jioni ya tarehe 7 tunasoma hadithi fupi ya Leo Tolstoy ya mwaka 1885, Palipo na Upendo Mungu Yupo. Mimi hutumia nakala ya Kiingereza, nikiwasimulia kwa Kiswahili papo hapo. Martin ni fundi viatu anayeishi katika chumba cha chini ya ardhi. Dirisha lake linaonyesha miguu tu ya wapita njia, naye huwatambua watu kwa viatu, kwa kuwa vingi vimeshapita mikononi mwake. Nimeiweka tarehe hiyo kwa sababu Martin mwenyewe anasoma Luka, sura ya 6 na ya 7, mpaka anafika kwa yule Farisayo aliyemkaribisha Bwana asimpe hata maji ya miguu. Wanangu wanakuwa wametoka kuzisoma sura hizo hizo! Kisha Martin anasikia sauti ikimwahidi kuja kesho, na siku nzima macho yako dirishani. Wanaotokea ni mzee aliyechoka kusafisha theluji, mama mwenye kichanga asiye na nguo ya baridi, na mvulana aliyekwapua tufaha la bibi mmoja. Mwanangu mkubwa aliujua mwisho kabla sijafika, na bado akaniomba nirudie.

Wengi huniuliza kuhusu A Christmas Carol ya Charles Dickens, iliyotoka 19 Desemba 1843, hadithi ya bahili anayetembelewa na mzimu wa Marley, mshirika wake wa zamani, kisha na roho watatu. Naipenda, ila kwetu inangoja Krismasi ipite. Ina sehemu tano, yaani jioni tano, na tafadhali iwe nakala kamili. Zilizofupishwa nilizokutana nazo zimewaondoa wale watoto wawili, Ujinga na Uhitaji, wanaojificha chini ya joho la roho wa pili, na kwangu hao ndio moyo wa kitabu. Kwa wadogo bado ni mapema: mzimu wa Marley, na minyororo yake ya funguo na masanduku ya fedha, utawanyima usingizi, nawe utakesha nao.

Ukichelewa kuanza Luka, usiahirishe hadi mwaka ujao. Anzeni tarehe 13, sura mbili kwa siku, na mkesha utawakuta mmemaliza.