Kozi ya kupiga mbizi mapangoni: uzoefu wangu katika senote za Yucatán

Nilijiandikisha katika kozi hii ya siku nane katika senote, yaani mashimo ya asili yenye maji yanayoingia mapangoni huko Yucatán, Mexico, nikiwa tayari nimepiga mbizi baharini zaidi ya mara 150, nami nilijiona mzoefu. Siku ya kwanza mwalimu hakuturuhusu hata kulowa. Alifunga kamba nyembamba kutoka mti mmoja hadi mwingine, akatufunika macho, kisha akatuamuru tuifuate kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukimshika mwenzetu begani. Nilipotea mara mbili juu ya nchi kavu, mahali penye hewa tele, na ndipo nilipoelewa kwamba ule uzoefu wangu wa baharini haungenisaidia sana huko tulikokuwa tunakwenda.

Baharini mtu akipatwa na shida ana njia ya kupanda juu. Pangoni juu ni dari la mawe ya chokaa, na njia ya kutokea ni ileile uliyoingilia. Kozi yote ilijengwa juu ya kanuni zilizotokana na uchambuzi wa ajali uliofanywa na Mmarekani Sheck Exley katika miaka ya 1970: uwe umefunzwa, kamba ya mwongozo isikatike kuanzia maji ya wazi, theluthi mbili za hewa zihifadhiwe kwa ajili ya kutoka, kina kisizidi uwezo wako, na kila mmoja awe na taa zisizopungua tatu.

Hesabu ya hewa ndiyo iliyonibadilisha kuliko jambo lolote. Kwa mtungi wenye bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), theluthi ni kama bar 66, lakini mwalimu alishusha hadi 60, kwa hiyo tulikuwa tukigeuka geji inapofika 140, hata kama mbele yetu kulikuwa na ukumbi wa stalaktiti, yaani mawe yanayoning'inia darini, unaovutia kiasi gani. Katika mapango haya mkondo wa maji kwa kawaida ni dhaifu, na tope likishatibuliwa linaweza kuning'inia kwa muda mrefu sana. Ndiyo maana tulitumia karibu siku mbili nzima kujifunza kupiga teke la chura, miguu ikiwa imekunjwa juu, ili mapezi yasiguse sakafu. Hata mapovu ya pumzi zetu yalikuwa yakigonga dari na kuangusha chembe, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

Siku ya tano tulikutana na haloklaini, yaani mpaka ambapo maji ya juu yasiyo na chumvi yanagusana na maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini. Ukitulia, mpaka huo unaonekana kama uso wa ziwa lililo chini ya ziwa. Mwenzako aliye mbele akipiga teke ndani yake, kila kitu kinakuwa ukungu, kana kwamba miwani imepakwa mafuta. Mwalimu alitufundisha kuogelea kando kidogo ya njia ya aliyetangulia, juu au chini ya tabaka hilo, na kuikaribia kamba kabla ya ukungu kuanza badala ya kuitafuta baadaye.

Zoezi la kutoka bila mwanga lilikuwa kiini cha mafunzo. Taa zilizimwa zote, nami nikaifanya kamba ipite ndani ya duara la kidole gumba na cha shahada, bila kuivuta. Baada ya dakika kadhaa vidole viligusa kipande cha plastiki chenye umbo la mshale. Nilikipapasa taratibu, nikaisikia ncha yake ikielekea kule tulikotoka, na moyo ukatulia.

Nina malalamiko mawili. Tuliahidiwa kwamba tungekuwa wanafunzi wawili kwa mwalimu mmoja, lakini tukawa wanne, hivyo muda mwingi ulipotea kwa kungojana ndani ya maji ya nyuzi 25 hivi, ambayo mwanzoni ni matamu na baada ya saa moja na nusu yanatetemesha. Pia somo la kugawana hewa kati ya watu wenye mitungi isiyolingana lilipitiwa haraka mno, ilhali theluthi ya mwenye mtungi mkubwa inaweza kuzidi akiba ya mwenye mdogo.

Kurunzi ya akiba niliyokodishiwa nayo ilizimika katika mbizi ya mwisho, dakika chache tu baada ya kukipita kile kibao chenye picha ya mfu mwenye mundu, kinachowaonya wasiofunzwa warudi. Geji yangu ilikuwa bado inasoma 170. Niliinua kidole gumba, ishara ya kusitisha mbizi, wenzangu wakajibu kwa ishara ileile, na sote tukageuka bila mtu yeyote kuniuliza sababu hadi tulipofika juu.