Chupa ya tope iliyonikosoa

Nimekuwa nikitumia SRM 1941b ya NIST (taasisi ya vipimo ya Marekani), tope lenye viwango vya kemikali vilivyothibitishwa, lililochotwa mdomoni mwa bandari ya Baltimore, kuhakiki vipimo vyangu vya PCB (kemikali za viwandani zenye klorini) na viuatilifu vya klorini. Mara ya kwanza sikupima unyevu, matokeo yakawa chini kidogo nikalaumu mashine. Kumbe thamani za cheti ni za uzito mkavu. Uzembe wangu! Salfa nayo ilifunika vilele vya mwanzo vya kromatogramu (grafu ya kemikali zilizotenganishwa na mashine) hadi nilipotia unga wa shaba kuiondoa. Hapo ndipo ninapolipendea tope hili: linasumbua kama sampuli halisi, tofauti na mchanganyiko safi wa kwenye kichupa. Angalia tu PCB 138, kilele chake mara nyingi hutoka pamoja na cha PCB 163. Gramu 50 za chupa huisha upesi, basi pima kwa ubahili.