Ndugu kashikwa na ICE, idara ya uhamiaji ya Marekani: wakili wa kulipia au msaada wa bure?

Mahakama ya uhamiaji Marekani haimpi mtu wakili wa kumtetea anayelipwa na serikali kama kwenye kesi za jinai. Mzigo unaangukia familia.

Kwa gharama, shirika la msaada wa kisheria halina mpinzani. Pesa mtakayookoa itasaidia dhamana, kama anaruhusiwa. Kisheria dhamana haipungui dola 1,500. Kwa wakili wa kulipia, someni mkataba mstari kwa mstari: kuna ada inayoishia kwenye ombi la dhamana tu, kesi yenyewe inalipiwa tena.

Kwa haraka, wa kulipia mara nyingi hushinda. Mashirika yamezidiwa, na ndugu akihamishiwa jimbo jingine usiku, huenda shirika la kwanza likashindwa kumfuata. Inauma sana.

Kesi inasikilizwa wiki hii na ukoo unaweza kuchanga? Tafuteni wakili leo. Ni ombi la hifadhi na muda upo? Anzeni na orodha ya mahakama ya wanaotoa msaada bure. Notari wa mtaani (mthibitishaji wa hati) si wakili, msimpe hata senti. Na kabla ya kupiga simu popote, andikeni pembeni namba ya uhamiaji ya ndugu yenu, inayoanza na herufi A. Ndiyo watakayouliza kwanza.