Kadi za Valentine za zaidi ya miaka mia: uzoefu wangu

Nimenunua mtandaoni fungu la postikadi za zamani za Siku ya Wapendanao, zilizotumwa Marekani kati ya 1908 na 1914, na nimeridhika sana. Muuzaji alizifunga kwa uangalifu, kila kadi ndani ya mfuko wake na boksi gumu juu na chini. Hakuna pembe iliyokunjika njiani.

Niliyoipenda kupita zote ina saini ya mchoraji Ellen Clapsaddle. Mtoto wa kike mwenye mashavu mekundu amekumbatia moyo mkubwa kuliko kichwa chake. Picha imetuna, ukipitisha kidole upande wa nyuma unakuta kishimo pale ambapo mbele pana moyo. Kwa herufi ndogo imeandikwa kuwa imechapwa Ujerumani. Clapsaddle alikuwa Mmarekani, lakini michoro yake ilichapwa huko, rangi moja baada ya nyingine, mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipoivuruga biashara hiyo. Wekundu wake haujapauka hata kidogo!

Nyuma kuna stempu ya kijani ya senti 1. Ujumbe uko kushoto, anwani kulia, mpangilio ulioruhusiwa Marekani kuanzia Machi 1907. Kabla ya hapo nyuma palikuwa pa anwani tu, na mwenye mapenzi yake alibana maneno pembezoni mwa picha. Aliyetuma kadi yangu hii anauliza tu kama barua yake ya kwanza ilifika. Ndiyo maana nawashauri mchukue zilizoandikwa na kutumwa. Wapo wanaozitaka safi, ila mimi nataka kusoma mtu alimwambia nini mwenzake.

Lalamiko langu ni moja: kadi mojawapo ni nakala ya kisasa, ingawa tangazo lilisema zote ni za asili. Ukiitazama kwa lenzi unaona nukta zimejipanga kwa safu kama mahindi shambani, wakati kwenye chapa ya zamani zimetawanyika ovyo. Karatasi nayo ni nyeupe mno, na nyuma ni tambarare kabisa. Nilimwandikia muuzaji, akanirudishia pesa ya kadi hiyo bila ubishi.

Nitanunua tena kwake, lakini safari hii nitaomba kwanza picha za nyuma za kadi zote. Muuzaji anayeonyesha upande wa mbele peke yake, msimlipe.