TAHADHARI: Diski za "16TB" na adapta za hedifoni zinazozungushwa Malindi na Lamu

Wenzetu wa Malindi, Watamu na Lamu, kaeni chonjo. Kwenye magrupu ya WhatsApp, na kwa wachuuzi wanaopita maofisini, kuna diski ndogo ya nje ya kompyuta iliyoandikwa 16TB (terabaiti 16, yaani gigabaiti 16,000), bei shilingi elfu mbili na ushei, "zimebaki mbili tu". Hakuna diski ya namna hiyo kwa bei hiyo. Diski za kubebeka za inchi 2.5, zile zinazozunguka, zilikwama kwenye terabaiti 5 kwa miaka; ya 6 ilitoka mwaka 2024, na haiuzwi elfu mbili. Sasa hizo 16 zimeingia vipi kwenye kitu kinachotoshana na kiberiti?

Bandua ganda utakuta bodi ndogo na kikadi cha kumbukumbu kama kile cha simu, pengine cha gigabaiti 64. Wengine hugundisha na kipande cha chuma ili mkono uhisi uzito. Programu ya ndani ya bodi imechezewa iiambie laptopu kuwa nafasi ni terabaiti 16, na Windows huandika inachoambiwa. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "chomeka ujionee", utakachokiona ni uongo uleule.

Ubaya wake hauji siku ya kwanza. Faili za mwanzo zinaingia na kufunguka vizuri. Kikadi kikishajaa, zinazofuata ama zinaandikwa juu ya zile za zamani ama zinapotea, lakini majina na ukubwa wake bado unayaona kwenye folda. Ukija kufungua picha za harusi, nusu ni kijivu. Video haichezi kabisa. Na hebu piga hesabu: diski hizi nyingi huandika kwa megabaiti 30 kwa sekunde au chini. Kujaza terabaiti 16 kwa kasi hiyo ni zaidi ya siku 6 usiku na mchana. Ile "garanti ya siku 7" wanayokupa haikuwekwa kwa bahati: inakwisha kabla hujagundua.

Kabla ya kulipa, nenda na laptopu yako. ValiDrive ni programu ya bure ya kupima diski, inafanya kazi kwenye Windows, na kwa dakika chache inapima sehemu nyingi za diski toka mwanzo hadi mwisho. Palipo na uongo panatokea pekundu. Programu nyingine, H2testw, ni ya kuaminika zaidi kwa sababu inajaza diski yote kisha inasoma tena, ila inataka saa nyingi, kwa hiyo iache ya nyumbani. Muuzaji akikataa diski isipimwe, mrudishie.

Kuna na diski za kweli lakini kuukuu, zimetolewa kwenye mashine za kamera za ulinzi na kuvishwa ganda jipya. Hizo zifungue kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha hali ya diski. Tazama saa ilizowaka: mwaka mzima ni saa 8,760, kwa hiyo "mpya" yenye saa 30,000 imeshafanya kazi zaidi ya miaka mitatu bila kuzimwa. Tazama pia mistari ya 05 na C5, inayohesabu sehemu mbovu za diski. Kwenye safu ya Raw Values ikiwa si sifuri, usiweke humo kitu unachokipenda.

Upande wa hedifoni hasara ni ndogo lakini wanaopigwa ni wengi. Adapta za USB-C za kuchomekea hedifoni ziko za aina mbili: yenye chipu ya sauti na isiyo nayo. Isiyo nayo inafanya kazi kwenye simu chache, na kwenye laptopu karibu zote ni bubu. Ijaribu hivi: ichomeke kwenye laptopu ikiwa na hedifoni yake, fungua mipangilio ya sauti. Yenye chipu inajitokeza kama kifaa kipya. Ile nyingine, kimya. Muuzaji atakwambia tundu lako limeliwa na chumvi ya bahari. Chumvi inakula kweli huku kwetu, lakini mwambie achomeke flashi kwenye tundu hilohilo; ikisoma, tundu ni zima.

Waya wa panda nao, kama laptopu yako ina matundu mawili, ya sauti na ya maiki: unaotaka wewe una vichwa viwili vya kiume na tundu moja la hedifoni, na kila kichwa kina alama yake. Wanaouza ovyo hukupa ule wa watu wawili kusikiliza pamoja. Sauti utaipata, maiki hupati.

Mashine ya nje ya kusomea DVD ikilia tik-tik na kupotea, usimwite mtu mwizi bado. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na sahani ikianza kuzunguka huenda ikataka zaidi. Uliza waya wa USB wa vichwa viwili, uvute umeme kwenye matundu mawili.

Walio Lamu ndio wanaoumia zaidi, maana mzigo unafika Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, kwa basi na pesa zimeshakwenda. Ukigundua diski ni ya uongo, usiendelee kuandika kwenye diski; nakili kwanza yale yanayofunguka. Ujumbe wa M-Pesa upeleke 456, namba ya Safaricom ya kuomba malipo yarudishwe, papo hapo, kwani pesa zikishatolewa kwa wakala hazirudi kirahisi. Piga picha mazungumzo yote kabla hujafungiwa, kisha uende polisi uandikishe na uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi).