Raynox DCR-150 na DCR-250 kwa wadudu na maua ya bustani za Goma

Vumbi la Goma si la kuchezea. Ni jiwe la volkeno lililosagwa na matairi, gumu na lenye ncha. Likiingia ndani ya kamera hutua juu ya sensa, yaani kioo kinachonasa picha, na ukilifuta kwa kitambaa kikavu linachora kioo. Kwa sababu hiyo, anayetaka kupiga picha za makro, yaani za karibu sana, za nyuki, vipepeo na maua hapa mjini anafaa kuziangalia hizi lenzi mbili za kukuza za Raynox kabla ya kununua ringi za kurefusha lenzi, ambazo wengi huanza nazo. Ringi hukaa kati ya kamera na lenzi, kwa hiyo kila unapoziweka au kuzitoa unafungua aparei katikati ya bustani. Raynox hubanwa mbele ya lenzi uliyo nayo, na kamera haifunguliwi kabisa.

Kila moja ni lenzi fupi ya vioo vitatu, pamoja na kibanio cha plastiki chenye vibonyezo viwili vya springi pembeni. Kibanio hushika lenzi ambazo uzi wake wa mbele una kipenyo cha milimita 52 hadi 67, kwa hiyo zumu (lenzi za kuvuta) nyingi za kawaida zinakubali. Tofauti yao ni nguvu: DCR-150 ina daiopta 4.8, DCR-250 ina 8. Gawa 1,000 kwa daiopta na utapata urefu wa fokasi wa kifaa kwa milimita: karibu 208 kwa ya kwanza, 125 kwa ya pili. Fokasi ya zumu ikiwa imewekwa infiniti, yaani mbali kabisa, huo ndio takriban umbali utakaobaki kati ya kioo na mdudu.

Ukubwa wa picha nao unahesabika. Chukua urefu wa fokasi wa zumu, gawa kwa ule wa Raynox. Zumu ya milimita 55-250 ikivutwa hadi mwisho, DCR-250 inakupa juu ya sensa mara 2 ya ukubwa halisi, na DCR-150 inakupa mara 1.2. Kwenye kamera yenye sensa ya APS-C ya upana wa milimita 22 hivi, mara 2 maana yake fremu nzima ina upana wa milimita 11 tu: nyuki mzima haingii, unapata kichwa na kifua. Jambo zuri zaidi ni kwamba ukivuta zumu au kuirudisha, umbali haubadiliki. Unaanza na ua zima, unamwona mdudu, unavuta, na mkono unabaki pale pale. Ringi haziwezi hilo. Tena ringi ya milimita 36 kwenye zumu ya 250 inaongeza mara 0.14 tu, na inakula mwanga, wakati Raynox haipunguzi mwanga wa kutajika. Ringi za bei ya chini zisizo na viunganishi vya umeme zina tatizo jingine: kwenye kamera nyingi huwezi kubadili tundu la lenzi, na kwa makro hiyo ni hasara kubwa.

Ukinunua moja tu, nunua DCR-150. Sentimita 20 za nafasi zinatosha kumfikia kipepeo kwenye lantana bila kivuli chako kumwangukia. DCR-250 inakulazimisha ufike sentimita 12, na nyuki aliyeshapata joto hakusubiri. Hiyo iache kwa vidukari, siafu, buibui warukaji, na viwavi wa kipepeo wa milimau. Hao wanapatikana kirahisi: tafuta majani machanga ya mlimau. Wakiwa wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege, weusi na weupe. Wakikua wanageuka kijani. Mguse mmoja taratibu kwa unyasi, atatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Zinakaa nje kwa muda mfupi tu, kwa hiyo fokasi iwe tayari kabla ya kumgusa.

Ukali wa picha ni wa kuridhisha sana. Kipimo kizuri ni jicho la nyuki: lina nywele zilizoota juu yake, na ukifunga tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 zinaonekana moja moja, na chembe za chavua zimenasa kati yake. Kwenye bugenvilea utaona kwamba zile rangi ni majani, na ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe katikati.

Kasoro zipo. Zumu ikirudishwa hadi 55 pembe za picha zinaingia giza, kwa hiyo kaa juu. Kibanio kinayumba kidogo, na kikisukumwa kinaweza kusogeza fokasi ya zumu laini. Dawa ni ringi ya chuma ya kugeuza uzi kutoka milimita 43, ambao ndio uzi wa nyuma wa Raynox zote mbili, hadi uzi wa lenzi yako. Inashika imara na haina springi ya kuchoka. Kina cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayotoka kali, ni kidogo mno: kwenye ukubwa halisi na f/11 hakifiki milimita moja. Zima otofokasi, bana kiwiko mbavuni, shika kikonyo cha ua kwa mkono wa kushoto na uegemeze lenzi juu ya mkono huo huo, kisha songa mbele na nyuma polepole mpaka jicho likae sawa. Piga mfululizo, picha moja kati ya kumi ikitoka safi, umefanya vizuri.

Flashi ya juu ya kamera peke yake haitoshi, kwa sababu kwa sentimita 12 lenzi yenyewe inaizuia na nusu ya chini ya picha inakuwa kivuli. Kata ubavu wa bido nyeupe ya maziwa, uinamishe mbele juu ya ncha ya lenzi, ufunge kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Anzia shata 1/200, f/11, ISO 200, flashi kwa nguvu ya 1/8, kisha rekebisha. Kwa mipangilio hiyo nyuma ya mdudu panakuwa peusi kabisa. Usipopenda, chomeka jani pana sentimita chache nyuma yake.

Muda mzuri ni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Usiku wa Goma ni wa baridi, mji uko kwenye mita 1,500 hivi, na wadudu wanaamka wakiwa wazito na umande mgongoni. Himbi, karibu na ziwa, upepo ukianza kutikisa maua, funga mfuko.

Kabla ya kufuta kioo, puliza kwanza kwa puto la mkono, kisha brashi laini, kitambaa chenye unyevu mwisho. Shati, kamwe. Na kifuniko cha mbele kirudi kila unapohama ua, hata kama ni hatua tano.