Band of Brothers ya kutafsiriwa: huyu DJ simsamehi (au labda nusu)

Jamani nina hasira na sijui pa kuzipeleka. Kama umeambiwa Band of Brothers ipo ya Kiswahili, ya kutafsiriwa, yani DJ anaongea juu ya picha anaelezea, nakuomba usiichukue... au subiri, ntarudi hapo baadae maana ishu yenyewe haijanyooka kihivyo.

Picha ni ya 2001, ya vita, ina episodi kumi, ila mtaani kwetu ndo inazunguka saivi. Wanajeshi wa miamvuli wa Marekani, kikosi cha Easy, wanamwagwa Normandy usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944 alafu wanatembea na vita mpaka Austria. Hayo mengine mtayaona wenyewe, mi nataka kuongelea episodi ya sita tu, ile ya Bastogne, mji wa Ubelgiji, maana hapo ndo nimepandisha presha.

Ile episodi stelingi wake hapigi risasi. Ni dokta wa kikosi, Roe, na muda mwingi hata haongei, anatoka shimo hili anaingia lile kwenye theluji anaomba mkasi, anaomba bandeji, anaomba mofini kwa wenzie, kwasababu Wajerumani wamewazingira na vifaa vimekata. Mjini kuna nesi anaitwa Renée, majeruhi wamelazwa kanisani, anampa Roe chokoleti, basi, hakuna mapenzi hakuna nini. Baadae kanisa linapigwa bomu, jamaa anafika anakuta kifusi na kile kitambaa cha bluu alichokua anafunga yule dada kichwani. Anakichukua. Sasa mwishoni mwenzie, Babe, kajikata mkono, bandeji hamna, Roe anakitoa kitambaa, anakitazama, alafu anakichana. Hakuna anaeongea hapo. Episodi nzima ilikua inakuja kwenye ule ukimya.

Na DJ akaona hapo ndo pa kutangaza namba yake ya simu!! "Kwa oda za picha kali kabisa", na singeli inapiga kwa chini. Yani mtu anachana kitambaa cha marehemu we unatangaza ofa ya flashi.

Nilikua naangalia na baba mdogo. Baba mdogo ni mtu wa vita vya Kagera, 1979 alikua Uganda, na stori za kule huwa hatoi hata umbembeleze vipi. Toka episodi inaanza alikua kaacha kula, sahani iko kwenye mapaja, wali umepoa. DJ alivyoanza matangazo yake akasema "zima hiyo", sio kwa ukali, alafu akaniuliza, "huyo anaebwabwaja yeye ni nani kwani, alikuwepo?" Nikakosa jibu. Akaenda kulala.

Kesho yake nikapita kwenye kibanda nilipowekewa. Nikamwambia kijana kwa ustaarabu kabisa, bro ile kopi mbovu, DJ anaongea pasipotakiwa. Hata kichwa hajainua, akanijibu, "Kaka, unataka picha au unataka historia?" Wenzie wakacheka. Nimetoa buku mbili yangu alafu nachekwa.

Bora ingeishia hapo. Mshkaji wangu mmoja akanipa ile orijino, isiyo na DJ, nikaanza upya. Kumbe mwanzoni mwa episodi kuna wazee! Wale wenyewe walioenda vitani, wamekaa kwenye kiti wanaongea, mwingine anashindwa kumalizia anageuza uso. Hawaandiki majina yao mpaka episodi ya kumi mwishoni kabisa, ndo unagundua kumbe huyu mzee wa miwani ndo yule kijana uliekua unamuona anapigwa baridi msituni. Kwenye kopi yangu wote wamekatwa. Wote! Na ile ya kumi inaishia wanapocheza besiboli, kamanda wao Winters anaelezea nani alienda kufanya kazi gani baada ya vita, na juu yake nani anaongea? DJ, anasifia picha yake ijayo.

Sasa nigeuke kidogo, maana hasira isinifanye niongope. Orijino bila DJ ni ngumu bana. Wote wamevaa helmeti, wote wachafu, wote wazungu wenye umri mmoja, episodi tatu za mwanzo huwezi kujua nani kafa. DJ alishawapa majina. Sobel, kamanda wao wa mazoezini, alimuita Mnoko, na kwakweli hakuna jina lingine linamfaa, mtu anawalisha askari tambi zimewajaa alafu anawakimbiza mlima Currahee, maili tatu kupanda tatu kushuka, wanatapika njiani. Nixon, yule ofisa mpenda pombe, akamuita Mzee wa Chupa. Baba mdogo episodi ya kwanza alicheka mpaka akakohoa, akasema kila kambi ina Mnoko wake, na hiyo ndo sentensi ndefu kuliko zote nimewahi kusikia kutoka kwake kuhusu jeshi. Bila DJ asingekaa hata dakika tano, Kiingereza hataki.

Na hao wenyewe waliotengeneza msiwaone malaika. Yule askari Blithe wa episodi ya tatu, wameandika kabisa kwenye skrini kwamba hakupona jeraha lake akafariki 1948. Uongo! Jamaa alipona, akaendelea na jeshi, kafariki 1967. Hela zote zile mnashindwa kumuulizia mtu kama alipona? Tena kuna babu zetu wa Keya, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, walikua Burma kwenye matope mwaka huo huo wa 1944, sijaona anaewapa hata episodi moja, ila tuache, ntaanza kulia.

Kwahiyo picha kali sana, tafsiri takataka, isipokua episodi ya kwanza ambayo tafsiri ni kali kuliko picha. Baba mdogo amegoma kuendelea na ile ya DJ, na orijino haielewi, tumekwama pale pale kwenye theluji. Kama kuna mtu ana kopi ambayo DJ katafsiri maneno tu na wazee hajawagusa aniambie, natoa hata buku tano.